Siku Moja Uingie

Mtawanya, Kibiti
Ijumaa, baada ya Alasiri

Mwanangu Sikudhani,

Niwie radhi kwa kimya changu. Najua ni jambo la ajabu baba kumwandikia barua mtoto anayelala chumba cha pili, tena akamwomba radhi kana kwamba wametengana kwa bahari, hali kila asubuhi anakunywa chai aliyoipika mtoto huyohuyo. Lakini ndivyo ilivyo. Tangu uliporudi kutoka Dar es Salaam na habari ya kazi, miezi mitatu sasa, sijasema nawe neno lililozidi kuitikia salamu na kuagiza maji. Jumanne iliyopita ulisimama mlangoni ukaniuliza, "Baba, una neno nami?" Nikakujibu, "Sina." Nilikuwa nalo.

Sasa umekwenda Kibiti na mama yako kumpelekea fundi mkoba uliokatika mkanda, nami nimebaki barazani peke yangu na kalamu. Basi lako la kesho linatoka Nyamwage, ng'ambo ya mto; likiwahi pantoni litapita hapa mapema, lisipowahi utakaa barabarani hadi jua likuchome. Zaidi ya hapo sina agizo la safari. Habari za nauli, za chakula cha njiani na za watu wa kuwaepuka amekwisha kukuagiza mama yako, na mengine ameyarudia mara mbili. Mimi nimechoka, Sikudhani, na nguvu kidogo niliyo nayo leo naitaka kwa jambo moja.

Unadhani nilinyamaza kwa sababu ya nguruwe. Nyumba nzima inadhani hivyo. Siku ile ulipotueleza, shangazi yako Mwajabu alikuwa hapa akipepeta mchele, na ungo ulisimama hewani.

"Nguruwe?" alisema. "Wewe binti wa Abdala, mjukuu wa mwalimu wa Kurani, unakwenda kuzalisha nguruwe?"

"Kuwatunza, shangazi. Kula sili."

"Na mahari yako tupokee nini? Mabuti ya mpira?"

"Mwanamume atakayenichelewesha kwa mahari nitamfungulia dume la nguruwe, shangazi, tuone mbio zake."

Mama yako alicheka hadi akajifuta macho kwa pindo la kanga. Hata shangazi yako alicheka, ingawa alijisingizia kikohozi. Mimi niliinuka nikaenda mikoroshoni, na niliporudi nilikuwa nimekwisha kuwa bubu. Jioni mama yako aliniuliza, "Baba Sikudhani, umekasirikia nini? Kama ni nguruwe, sema ni nguruwe, mtoto aende akijua." Nikamwambia, "Ni nguruwe." Alinitazama, akasema, "Wewe?" Kisha akaenda zake jikoni. Yeye alijua kwamba nasema uongo, kwa maana ndiye aliyefua nguo zangu miaka ile.

Hapo ndipo pa kuanzia. Wewe umekua ukijua kwamba baba yako alikuwa Bwana Mifugo katika shamba la shirika, nje kidogo ya Dar es Salaam, na kila nilipozungumzia shamba lile nilikutajia ng'ombe. Ng'ombe nilikaa nao mwaka mmoja tu, wa mwisho. Nguruwe nilikaa nao miaka kumi na miwili. Hapa kijijini sikumwambia mtu, na shangazi yako hajui hadi leo.

Wakati wetu hatukuomba kazi, tulipangiwa. Nilitoka chuo cha mifugo na cheti changu, nikafika shambani, nikaambiwa kwamba ng'ombe wana mtu wao na nguruwe hawana. Nilimwandikia babu yako nikitumaini atanikataza, ili nipate sababu ya kurudi. Alinijibu kwa mistari miwili. Alisema nimekabidhiwa, basi nitunze nilichokabidhiwa. Na nikigusa, najua namna ya kujitwaharisha. Nilijua. Yeye mwenyewe alinifundisha chuoni kwake nikiwa na miaka saba: kuosha mara saba, na mojawapo iwe kwa udongo.

Kwa hiyo niliweka debe la udongo safi nyuma ya stoo, karibu na bomba. Nilipotoka bandani niliosha mara saba, nikiingia tena na kutoka, mara saba tena. Ikifika adhuhuri mikono imepauka kama ya mchanganya saruji, na ikifika mwisho wa wiki ngozi imepasuka kwenye viungo vya vidole. Mwaka wa kwanza nilifanya hivyo bila kunung'unika. Mwaka wa pili nilianza kuhesabu nitaingia mara ngapi. Mwaka wa tatu nilikuwa nakagua nikiwa nimesimama nje. Nilipewa kipimajoto cha mifugo ndani ya kibweta chake cha bati, na sikukitumia hata mara moja, kwa kuwa huwezi kumpima mnyama joto bila kumshika.

Usinielewe vibaya. Sheria haikunikosesha. Sheria ilinipa njia ya kuwa safi baada ya kugusa. Haikuniambia nisimguse mnyama niliyekabidhiwa. Mimi ndiye niliyeona njia ile ni ndefu, nikaifanya kuwa sababu ya kusimama nje, kisha nikauita uvivu huo uchaji. Imenichukua nusu ya umri wangu kuandika sentensi hiyo.

Mabanda tuliyoyakuta yalikuwa ya miti na udongo, ya zamani, yenye kivuli. Wakati wa mvua yaligeuka tope. Kisha ikaja ile miaka ya biashara kufunguliwa. Saruji, ambayo zamani uliipata kwa kibali na kwa kujuana, ikaonekana madukani. Na shirika letu likaambiwa kwamba halitabebwa tena na serikali, lijiendeshe lenyewe. Meneja aliniita akaniambia nichore mabanda mapya ya kisasa. Nilichora kwa rula na kalamu ya wino, Sikudhani, kwa muda wa wiki mbili, na sijawahi kuchora kitu kizuri kama kile.

Kuta zilimfika mtu kifuani, imara, bila tundu. Katikati palikuwa na ujia wa kupita mhudumu. Chakula kilimiminwa kutoka kwenye ujia, kikateremka kwa mfereji hadi horini. Sakafu ilikuwa saruji tupu, laini, yenye mteremko, na asubuhi na jioni mtu alisimama kwenye ujia na mpira wa maji akaosha banda lote, uchafu ukashuka wenyewe nje. Mtu angeweza kuhudumu kutwa nzima bila kugusa nguruwe hata mmoja. Hilo ndilo nililolichora. Wageni kutoka wizarani walipita katika ujia na viatu vyao vya ngozi, wakasema hawajaona usafi kama ule. Nami niliamini, kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale waliposimama wao.

Aliyekuwa akiingia ndani ni Lukasi. Alikuwa mhudumu wa mabanda, mtu wa kusini, rika langu au mdogo wangu kidogo. Hakusoma zaidi ya darasa la nne. Aliwajua nguruwe wote kwa sura. Jike akikaribia kuzaa, Lukasi huketi pembeni mwake juu ya ndoo iliyopinduliwa, akizungumza naye kwa lugha ya kwao.

Mwezi wa pili wa mabanda mapya alinifuata ofisini, akavua kofia.

"Bwana Mifugo, nguruwe zangu zimelowa."

"Nguruwe wangu wamelowa," nilimwambia. "Nguruwe ni mnyama. Sema wangu."

"Ndiyo, Bwana. Wangu. Wanalala majini."

"Wameoshwa, Lukasi. Ulitaka walale katika mavi?"

"Hapana, Bwana. Nguruwe hataki mavi. Ukimpa nafasi, ananya kona moja na kulala kona nyingine. Hapa hana kona. Kila mahali maji."

"Asante. Nenda ukaendelee na kazi."

Nilimsahihisha lugha yake, na habari aliyoileta sikuisikia.

Yaliyofuata ungeyatambua wewe kwa wiki moja, na mimi nilikuwa na cheti kilekile ulicho nacho. Walianza kukohoa, kwanza wachache alfajiri, kisha banda zima. Wakubwa walivimba magoti, na kwato zikachubuka kwa saruji iliyolowa. Wale waliokuwa wakikua, kwa kuwa walibanana na hawakuwa na kitu cha kuchimbua wala kutafuna, walianza kung'atana mikia, na vidonda vikaoza. Niliagiza dawa. Nilisimama kwenye ujia nikaelekeza, na Lukasi akaingia akachoma sindano. Walipata nafuu, wakaugua tena. Nilikuwa nikitibu kwa dawa kile ambacho sakafu yangu ilikuwa ikikileta upya kila asubuhi. Katika daftari niliandika kichomi, niliandika vidonda, niliandika minyoo. Sikuandika neno sakafu.

Kidole cha Lukasi kilikatika mwaka huohuo. Dume letu kubwa alikuwa akichechemea, nami nilimwambia Lukasi aingie amtazame kwato. Banda lile lilikuwa jembamba. Nililipunguza nilipochora ili nipate safu iliyonyooka. Mnyama aligeuka kwa maumivu akamng'ata mkono, na hapakuwa na mahali pa mtu kurudi nyuma. Nilikuwa nje ya ukuta, na sindano mkononi. Wapo watu ambao wangeruka. Nilipiga kelele, "Mpige kwa beleshi!" Lukasi hakumpiga. Alijinasua mwenyewe, akatoka kwa mlango mdogo, akafunga mkono kwa shati lake. Unajua alichoniambia? Aliniambia, "Si kosa lake, Bwana. Miguu inamwuma."

Ndiyo maana siku ile uliposema, kwa furaha yako yote, kwamba mwenye shamba lililokuajiri ni mzee mmoja mpole, mtu wa kusini, kidole chake cha shahada kimekatika nusu, aling'atwa zamani alipokuwa mhudumu wa shamba la shirika, nami nikasikia unamwita Mzee Lukasi, sikuweza kuketi.

Lakini si kidole kilichonifunga mdomo. Ni jambo lililofuata.

Ulikuwa wakati wa masika, na jike mmoja alikuwa amezaa watoto kumi na mmoja, wote wazima. Tulikuwa tukingojea wageni. Asubuhi nilipita nikakuta maji yamesimama katika mfereji, na ndani ya banda la jike yule pametandikwa nyasi kavu na maranda ya fundi seremala, tele, na watoto wamejichimbia humo kama vifaranga. Lukasi alikuwa amezileta usiku kwa mkokoteni, bila kuniuliza, kwa sababu alijua nitakataa. Nyasi chache zilikuwa zimeziba tundu la mfereji.

"Toa takataka hizi," nilimwambia.

"Bwana, wageni wakiondoka nitazoa mwenyewe. Wiki moja tu. Watoto hawana mafuta mwilini, sakafu itawaua."

"Nimesema toa. Osha."

"Bwana Mifugo, ingia uweke mkono hapa. Weka mkono tu."

Sikuweka mkono. Alitoa nyasi, akaosha, akinipa mgongo. Wageni walikuja wakasifu. Mvua ilinyesha siku ile na ya pili yake. Watoto walijikusanya chini ya mama yao kutafuta joto, naye kwa uzito wake na kwa sakafu inayoteleza aliwalalia wengine; waliosalia walitetemeka, wakaanza kuhara, wakafa mmoja baada ya mwingine. Hakubaki hata mmoja.

Ilinipasa kuandika taarifa. Niliketi mezani na kuandika: "Vifo hivi vimetokana na uzembe wa mhudumu, ambaye aliziba mfereji wa maji kwa nyasi kinyume cha maelekezo." Sentensi hiyo nimeikumbuka neno kwa neno miaka yote hii. Haina kosa hata moja la lugha. Niliisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi, nikihakikisha koma.

Mwaka uliofuata shirika liliambiwa lipunguze watu. Hakuna aliyejua wanachagua vipi, hadi tulipofahamu kwamba wamefungua majalada. Mwenye jalada safi alisubiri. Mwenye doa alitangulia. Lukasi alikuwa na doa moja tu katika miaka yote aliyofanya kazi, na doa hilo lilikuwa mwandiko wangu. Jina lake lilisomwa siku ya kwanza.

Alikuja kuniaga. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alikuwa amefunga virago vyake katika shuka, na mkewe alikuwa akimngojea langoni. Aliutazama ujia wangu, kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Mabanda yako mazuri, Bwana Mifugo. Siku moja uingie."

Wiki iliyofuata niliingia. Hakukuwa na mtu wa kumtuma, hiyo ndiyo sababu. Usidhani ni ushujaa. Jike mmoja alikuwa hainuki. Nilifungua mlango mdogo, nikainama kupita, na kwa kuwa palikuwa na utelezi nikaanguka kwa magoti. Hapo chini, Sikudhani, palikuwa nchi nyingine. Kwenye ujia hewa ilikuwa safi. Hapa chini, kwenye kimo cha pua ya nguruwe, mvuke wa mkojo ulinichoma macho hadi machozi yakatoka. Kuta zangu zisizo na tundu zilikuwa zimeuzuia usitoke. Niliweka kiganja sakafuni. Baridi ilipanda hadi kwenye kiwiko. Nilikaa pale kadiri ya mtu kusali rakaa mbili, na nilipotoka magoti yalikuwa yameanza kuniuma. Wao walilala hapo mwaka mzima.

Nilitoboa kuta. Nilivunja ukuta mmoja kati ya kila vyumba viwili. Nikaweka maranda kila kona ya kulala, nikaweka boriti pembeni mwa ukuta ili mama asiweze kuwabana watoto. Kikohozi kilipungua, na masika yaliyofuata watoto wengi walipona. Meneja aliandika barua kunisifu kwa ubunifu. Niliipokea. Barua ile ninayo hadi sasa, imo sandukuni chini ya hati za shamba, na sikupata kumwonyesha mtu.

Hapo ndipo nilipokosa kwa kweli. La kwanza lilikuwa kosa la mtu asiyejua, aliyeogopa kujua. La pili nilikuwa najua. Ningeweza kwenda kwa meneja nikasema, taarifa ile si ya kweli, mrudisheni Lukasi. Jalada lilikuwa palepale kabatini. Kila asubuhi nilisema nitakwenda kesho. Kisha shamba lenyewe likauzwa, mimi pia nikaletewa barua yangu, kabati likabebwa na wenye kubeba, nami nikarudi Mtawanya kwenye mikorosho na mpunga nikiwa mtu aliyestaafu kwa heshima.

Umewahi kuniuliza, ukiwa mdogo, kwa nini banda la mbuzi wetu limeinuliwa juu ya nguzo wakati majirani wanafungia mbuzi uani. Kwa nini tunafagia kila siku lakini hatumwagi maji. Na kwa nini nilikulazimisha kupiga magoti ndani kabla ya kusema chochote juu ya mnyama mgonjwa. Ulilia siku moja kwa sababu gauni la shule lilichafuka. Nilikuambia, "Mnyama humsikii ukiwa umesimama." Ulidhani ni ukali wangu wa kawaida. Nilikuwa nakufundisha somo la Lukasi, bila kukutajia jina lake.

Sasa turudi kwenye usaili wako, kwa kuwa nimeufikiria kwa miezi hii mitatu kuliko wewe uliyefanyiwa. Ulitusimulia kwamba alikuuliza, "Ukifika kwenye banda usilolijua, kwanza unatazama nini?" Ukamjibu, "Sitazami. Napiga magoti kwanza." Akacheka, akakuuliza, "Nani alikufundisha?" Ukasema, "Baba yangu, kwa mbuzi." Ukasema aliishika barua yako ya maombi akaisoma upya, kisha akakuambia utaanza mabanda mapya yakikamilika.

Barua ile ina jina langu lote.

Kwa hiyo sijui, mwanangu. Huenda hakunitambua, akina Abdala ni wengi, na aliniita siku zote Bwana Mifugo. Huenda alinitambua na akakuajiri hivyohivyo. Sijui ni lipi zito zaidi kwangu. Kama hajui, basi siku atakapojua utakuwa umesimama ndani ya banda lake, ukila sahani moja na mtu ambaye baba yako alimnyang'anya kazi kwa sentensi moja. Kama anajua, basi amenifanyia jambo ambalo sina namna ya kulibeba.

Nilitaka ukatae kazi hii, na sikuwa na ujasiri wa kukuambia sababu, nikanyamaza nikitumaini kimya kitakuchosha. Umekaa nyumbani miaka miwili na cheti chako, serikali haiajiri, na mtu wa kwanza kukufungulia mlango ni yeye. Sina haki ya kuufunga mlango huo. Mimi nilipangiwa, wewe umechagua, na umechagua macho yakiwa wazi. Udongo na maji vipo kila mahali. Usiache mikono yako ikuogopeshe kama yangu ilivyoniogopesha.

Wala usimweleze yeye habari hizi kwa niaba yangu. Mzigo ni wangu, sikupi uubebe katika wiki ya kwanza ya kazi. Ila ukiulizwa wewe ni binti wa nani, taja jina langu lote na mahali nilipofanya kazi, usimung'unye. Akikufukuza kwa ajili hiyo, rudi nyumbani, hutasikia kutoka kwangu neno lolote isipokuwa la kukuomba radhi.

Nimejaribu kumwandikia yeye. Karatasi nne nimezichana. Kila nikisoma naona ni taarifa nyingine, iliyonyooka, yenye koma mahali pake. Nilimwumiza kwa karatasi. Naona haya kumwomba radhi kwa karatasi. Imebaki kwenda mwenyewe, nikasimame mbele yake na mbele ya watu wake. Nami naogopa. Naogopa atakavyonitazama, na zaidi naogopa kwamba kwenda kwangu kutakupotezea kazi uliyoipata kwa akili yako. Nisipokwenda, utakula kwake kila mwezi juu ya kimya changu. Nimezunguka katika njia hizi mbili hadi nimechoka, na leo bado sijafika mwisho wake.

Ndani ya sanduku lako, chini ya kanga za mama yako, nimekuwekea kibweta cha bati. Ni kile kipimajoto. Shirika lilipouzwa hakuna aliyekiulizia, nami nilikirudisha nyumbani kikiwa kipya kama siku nilipopewa. Kitumie hadi namba zake zifutike.

Nasikia sauti ya mama yako njiani, anakugombeza kwa jambo la mkoba. Nitaikunja barua hii niiweke ndani ya kibweta, kwa kuwa nikikupa mkononi nitasema neno la kuiharibu. Kesho nitakusindikiza hadi barabarani, na huenda nisiseme mengi. Sasa unajua kwa nini.

Mabanda yake mapya sijayaona. Uniandikie kama sakafu ni kavu. Nami nikishaamua nitakuandikia siku hiyohiyo, iwe nakuja au siji, kwa mkono huu huu na bila kuficha. Na ikitokea barua imechelewa njiani, ukaona asubuhi moja mzee amesimama nje ya ukuta wa banda, hana mabuti, hajui aweke wapi mikono yake, usimwulize kitu. Mwambie aingie.

Baba yako,
Abdala